Siku tano kwenda na kurudi kwenye kimondo cha Mbozi

Siku ya kwanza, Jumatatu. Dodoma, Mtera, Iringa, Mbeya

Swali lililonipandisha basi leo ni la mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Mwezi wa tano tulikuwa kwenye mada ya metali, nikataja kimondo cha Mbozi kama mfano wa chuma ambacho binadamu hakukiyeyusha. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, hakuna aliyekiona kikianguka. Mnajuaje kwamba kimetoka angani?" Nikamjibu ya kitabuni: chuma asilimia 90, nikeli karibu asilimia 9. Akashukuru, akakaa, lakini uso wake ulibaki na swali lilelile. Alikuwa na haki. Nilimpa tarakimu bila kumwambia zilipatikanaje, wala kwa nini zitoshe kuwa ushahidi. Tangu siku ile nimetembea na swali lake, na likizo hii ya Juni nimeamua kulifuata hadi Ndolezi, kijiji kilipo kimondo hicho.

Kuna jambo linalonipa raha katika safari hii. Mwaka 1930 mpima ardhi kutoka Johannesburg, W. H. Nott, alifikishwa kwenye kimondo kile na baadaye habari zikaenea. Wenyeji walikuwa wanakijua muda wote. Aliyekwenda kukata kipande ni D. R. Grantham wa Idara ya Jiolojia ya Tanganyika, na mwaka 1931 yeye na mwenzake F. Oates wakachapisha maelezo ya chuma kile. Makao ya idara hiyo yalikuwa Dodoma, mji ninaoishi. Kwa hiyo kemia ya kimondo cha Mbozi ina mizizi yake huku kwetu, kwenye vumbi na zabibu, na mimi leo nauendea mti.

Begani nina mkoba mdogo wa maabara: sumaku, mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki, uzi, pamba, siki, amonia kidogo, haidrojeni peroksaidi ile ya kusafishia vidonda, asidi ya sitriki, na chupa ndogo ya dimethiliglaioksimu, kitambuzi cha nikeli, ambayo mashuleni tunaiita DMG tu. Pamoja navyo, shilingi moja ya mwaka 1966, yenye kichwa cha Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Kazi ya shilingi hiyo nitaieleza ikifika zamu yake.

Tumeondoka saa kumi na mbili. Bwawa la Mtera lilikuwa bado na ukungu juu ya maji, na wauza perege wakakimbilia madirishani kabla basi halijasimama. Baada ya hapo ni kupanda Nyang'oro, kona baada ya kona, hadi baridi ya Iringa. Ipogolo tumekula. Jirani yangu wa kiti, mama wa makamo kutoka Kondoa anayekwenda kumtazama mjukuu Makambako, aliponiuliza naenda wapi nikamwambia. Akatulia kidogo, akasema, "Chuoni tulifundishwa vimondo hurushiwa mashetani wanaokwenda kudukua ya mbinguni. Mwanangu, kama kipo kimoja kimelala chini, basi kashike kwa adabu." Nikamwahidi.

Mafinga, Makambako, mama ameshuka. Chimala magunia ya mchele kando ya barabara. Mbeya tumeingia giza limeshika, na nimevaa sweta mbili.

Siku ya pili, Jumanne. Mbeya hadi Vwawa

Siku fupi. Kosta ya kwenda Tunduma imejaa kabla sijamaliza chai. Barabara hii ni ya malori, yanayokwenda Zambia na Kongo na yanayorudi, na nyuma yao wote tunatembea mwendo wao. Mbalizi, uwanja wa ndege wa Songwe, Mlowo, halafu Vwawa, makao makuu ya mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016. Pande zote mbili ni kahawa. Huu ni msimu wa kuvuna, na uani mwa nyumba nyingi kuna meza za kuanikia zilizojaa punje.

Nimepata chumba, nimepatana na kijana wa bodaboda kwa kesho, kisha nimekaa na daftari. Nimepiga hesabu moja ambayo ningependa wanafunzi wangu waione. Vitabu vya zamani vinasema kimondo kina uzito wa hadi tani 25. Siku hizi kinakadiriwa tani 16. Hakuna aliyekiweka kwenye mizani. Watu hupima umbo, wakapata ujazo, wakazidisha kwa msongamano. Chuma chenye nikeli kina gramu 7.8 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Kwa hiyo tani 16 ni mita za ujazo mbili tu na kidogo, yaani maji ya matangi mawili ya lita 1,000 yale ya juu ya paa. Tani 25 zingekuwa zaidi ya matangi matatu. Tofauti hiyo yote ya tani tisa inatokana na namna ya kukadiria tumbo na mabonde ya kitu kisicho na upande ulionyooka. Msongamano wenyewe haukuwahi kuwa na ubishi, kwa sababu kipande kidogo kinatosha kuupata.

Siku ya tatu, Jumatano. Ndolezi

Tumetoka saa moja asubuhi. Baada ya kuiacha lami ni vumbi jekundu, mashamba ya mahindi yaliyokwishavunwa, kahawa tena, miti, na watoto wanaopunga mkono. Kijana wa bodaboda ni mtu wa maneno machache, lakini nilipomweleza ninachokifuata aliendesha taratibu zaidi, kama anayetaka kusikia.

Kimondo kimelala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Unalipa kiingilio, unaandika jina kitabuni, unapewa kijana wa kukuongoza. Eneo linasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, na kimondo chenyewe kimelindwa kisheria tangu mwaka 1967.

Nilikuwa nimekiona kwenye picha mara nyingi. Picha hazisemi kwamba unakiona kwanza kutoka juu, ukiwa umesimama ukingoni mwa shimo. Wakati Nott alipofika sehemu ya juu tu ndiyo ilikuwa wazi. Watu wakachimba kukizunguka na kuacha nguzo ya udongo chini yake, na nguzo hiyo ndiyo iliyokuja kujengewa zege. Kwa hiyo kinakaa kama kilichowekwa kitini. Kina urefu wa mita tatu na kidogo. Rangi yake ni hudhurungi inayokwenda kwenye weusi, na ngozi yake ina mabonyeo mengi, kama tonge la ugali lililobonyezwa kwa kidole gumba kabla ya kuchovya mchuzi. Nikashuka. Nikakishika kwa adabu, kama nilivyoagizwa. Kilikuwa baridi, baridi ya metali inayokunyonya joto la kiganja.

Niliomba ruhusa ya kutumia sumaku. Mwongozaji akakubali, na sumaku ikaniponyoka vidoleni na kujibandika kwa kishindo. Kisha nikaomba ruhusa ya pili: tone la siki kwenye pamba, nifute sehemu ndogo kama ukucha, nipime nikeli.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Siki haina ruhusa."

"Hata tone moja, mdogo wangu?"

"Hata moja, dada. Kila mgeni akiweka tone lake, tutabaki na nini?"

Nikarudisha chupa mkobani. Alisema kweli, na nilifurahi kwamba kimondo kina mlinzi asiyeona haya kumkatalia mwalimu. Vitu hivi huliwa kidogokidogo na watu wenye nia njema.

Badala yake akanipeleka upande wa pili, akanionyesha mahali palipokatwa. Ngozi yote ya kimondo ni ya mabonde na vilima. Pale pana uso uliotulia, bapa, uliopitiwa na msumeno. Inasimuliwa kwamba Grantham alihitaji saa kumi za kukata kwa msumeno wa chuma kukitoa kipande cha unene wa sentimita kumi. Nimeshika msumeno wa chuma maishani, nyumbani, kukata nondo. Nondo ya unene wa kidole inakutoa jasho kwa dakika chache. Saa kumi! Na ugumu huo wenyewe ulikuwa jibu la kwanza, kabla ya asidi yoyote: nikeli ikichanganyika na chuma hukifanya kiwe kigumu kukatika na kigumu kuvunjika kwa pamoja, ndiyo maana huwekwa kwenye vyuma vya kazi nzito. Msumeno ulikuwa tayari unasema kuna kitu zaidi ya chuma humu.

Nimekaa kwenye ngazi za shimo karibu saa mbili, nikiandika. Nitayaweka hapa kama nitakavyowaeleza darasani.

Tarakimu zinazotajwa kwa kimondo hiki ni hizi: chuma asilimia 90.45, nikeli 8.69, shaba 0.66, salfa 0.11 na fosforasi 0.11. Mkemia wa enzi zile hakuwa na mashine ya kumulika. Aliyeyusha vipande kwenye asidi, akaitenga metali moja baada ya nyingine, akachuja, akakausha, akapima kwa mizani, na mwisho akajumlisha aone kama jumla inakaribia 100. Jumlisha hizo hapo juu uone. Kwangu hiyo ndiyo heshima ya kemia: mtu anakuonyesha jumla yake ili umkamate akikosea.

Sasa, kwa nini nikeli iwe shahidi? Chuma cha juu ya ardhi yetu hakikai kikiwa chuma. Hewa na maji hukigeuza kutu na mawe mekundu, na ndiyo mawe hayo wahunzi waliyachoma tanurini. Chuma kinachotoka tanurini hakina nikeli ya kiasi hiki. Nikeli nyingi ya dunia yetu ilizama pamoja na chuma hadi kwenye kiini wakati dunia ikiwa bado uji wa moto, na huko hakuna aliyefika na sururu. Ukikuta juu ya udongo wa Mbozi donge la metali ambayo karibu moja ya kumi na moja yake ni nikeli, unatazama kitu kilichopita njia hiyohiyo ya kuyeyuka na kuzama, lakini ndani ya gimba jingine dogo la angani, ambalo baadaye lilivunjika na moyo wake ukabaki wazi. Hayo yalitokea mwanzoni kabisa mwa mfumo wa jua, miaka kama bilioni 4.5 iliyopita.

Mtoto mbishi, na ninao wengi, atasema: basi mtu alichanganya nikeli na chuma. Hapo ndipo panapoingia ushahidi ambao mimi binafsi naupenda kuliko wote. Mwaka 1808, huko Vienna, Alois von Beckh Widmanstätten alichukua bamba la kimondo cha chuma, akalipasha moto, na juu yake ikajitokeza michoro ya mistari inayokatana kama mkeka uliosukwa. Siku hizi bamba husuguliwa likawa kioo, kisha hupakwa asidi. Mistari hiyo ni aina mbili za fuwele, moja yenye nikeli kidogo na nyingine yenye nikeli nyingi, zilizojitenga wakati chuma kikipoa. Kujitenga huko kunataka muda usiofikirika: chuma kipoe kwa nyuzi chache, au kumi, au mia, katika kila miaka milioni. Hakuna karakana inayoweza kusubiri hivyo. Chuma kilichochanganywa na binadamu hakiwezi kuwa na mkeka ule, na cha Mbozi kinao.

Na kuna hatua ya tatu. Katika karne iliyopita wanakemia, John Wasson wa California akiwa mstari wa mbele, walianza kupima ndani ya vimondo vya chuma madini yaliyomo kwa sehemu moja katika milioni na hata chini ya hapo: galiamu, jemaniamu, iridiamu. Viwango hivyo vikiwekwa pamoja na nikeli, vimondo vinajipanga katika koo, kila ukoo ukiwa umetoka kwenye gimba lake. Hoba ya Namibia, kubwa kuliko zote duniani, yenye tani 60 hivi, ina nikeli karibu asilimia 16 na ina ukoo wake. Cha Mbozi kilipotafutiwa ukoo hakikupata. Kimo katika kundi la wasio na kundi. Maana yake gimba lililokizaa huenda halijatuletea ndugu wengine wa kutosha kuwatambua kwa pamoja. Nilipomwambia mwongozaji hilo, akakitazama upya. "Kwa hiyo kipo peke yake," akasema. Tukanyamaza wote.

Mwongozaji alinieleza kwamba wale wa zamani walipochimba kukizunguka hawakukuta kreta, yaani shimo la kuanguka kwake, wala udongo uliovurugwa, na wenyeji hawana simulizi ya kukiona kikianguka. Kimekaa hapa muda mrefu sana, mvua zimefuta alama zote. Mashahidi wa nje hawapo. Kilichobaki ni mwili wake tu.

Wakati wa kurudi kijana wa bodaboda akauliza swali zuri: je, vimondo vyote ni chuma? Nikamwambia juu ya Mbale, Uganda. Tarehe 14 Agosti 1992, alasiri, watu walisikia ngurumo na mawe yakanyesha juu ya mji. Mvulana mmoja aligongwa kichwani na kijiwe cha gramu tatu hivi kilichokuwa kimepunguzwa kasi na majani ya mgomba, hakuumia. Yalikusanywa mamia ya vipande, jumla kama kilo 150. Kule kila mtu alikuwa shahidi, lakini bado swali la "kimetengenezwa na nini" lilihitaji maabara, na jibu likawa tofauti kabisa na la Mbozi: jiwe, lenye vishanga vidogo vya duara vilivyoganda kutokana na matone ya moto, na chembe za metali zilizotawanyika ndani. Gimba lile halikuwahi kuyeyuka lote. Chuma chake hakikuzama popote.

Akaendesha kimya kwa muda. Kisha akasema, bila kugeuka, "Mwalimu, babu yangu ana kimondo ndani."

Siku ya nne, Alhamisi. Nyumbani kwa babu

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu ndani. Huyu mjukuu wangu ameniambia wewe ni mtu wa mawe."

Jiwe lilikuwa limewekwa juu ya kitambaa cheupe, kwenye stuli. Jeusi, lenye ukubwa wa embe dodo, zito mkononi kuliko jiwe la kawaida la ukubwa huo. Babu alisema lilikuwepo tangu enzi za babu yake na sikuzote liliitwa kimondo. Miaka miwili iliyopita alipita mtu kutoka mjini, akalipiga picha, akasema lina thamani ya bati za nyumba nzima na atarudi. Hajarudi. Babu bado anamngoja.

Niliona matundu kabla sijaligusa. Vitundu vidogo, vya duara, vya povu lililoganda. Nikanyamaza, kwa sababu sikutaka kumjibu mzee kwa kutazama tu, kama yule wa mjini. Nikaomba ndoo ya maji na ruhusa ya kufanya kazi hapo uani mbele ya kila mtu. Bibi akaleta ndoo. Majirani wakaja na viti vyao.

Kwanza sumaku: ilivutika kivivu sana, ukiiachia inaanguka. Pili uzito. Nikalifunga uzi, nikalitundika kwenye mizani: gramu 820. Nikalizamisha ndani ya maji likiwa bado limetundikwa, lisiguse ndoo: gramu 575. Nikamwomba mjukuu atoe mwenyewe kwa sauti. Gramu 245 zimepotea, na hizo ni sawa na maji yaliyosukumwa kando, sentimita 245 za ujazo. Gawanya 820 kwa 245, unapata 3.3 na kidogo. Kama lingekuwa chuma cha aina ya Mbozi, uzito ungepungua kwa gramu 105 tu. Mjukuu alirudia hesabu kwenye simu yake mara mbili.

Tatu, nikeli, na hapa ndipo shilingi ilipopata kazi. Shilingi ile ya 1966 ni ya shaba na nikeli. Nililowesha pamba kwa siki, nikaibandika juu ya shilingi. Pamba ya pili nikaibandika kwenye jiwe, sehemu niliyoikwangua kwanza. Pamba ya tatu nikaitia siki bila kugusa chochote. Tukangoja, bibi akatugawia chai na viazi vitamu. Baadaye kila pamba nikaitia tone la peroksaidi, asidi ya sitriki, amonia, mwisho DMG. Peroksaidi na sitriki zina sababu: chuma chenyewe, kikiwa katika hali fulani, hutoa wekundu na DMG, kikakudanganya kwamba umepata nikeli. Peroksaidi hukibadilisha chuma hali yake, na sitriki hukifunga mikono. Bila hatua hizo mbili mtu angeweza kuuza mavi ya chuma, yaani uchafu wa tanuri ulioganda, kama kimondo na akaamini kwa moyo wote kwamba ni mkweli. Utambuzi huu wa nikeli aliugundua Mrusi, Lev Chugaev, mwaka 1905, na kwa yaliyomo ndani ya chupa yangu ndogo hauna mpinzani.

Pamba ya shilingi ikawa waridi, kisha nyekundu kama ua la mkrismasi. Watoto wakapiga kelele. Pamba isiyogusa kitu ikabaki nyeupe. Pamba ya jiwe ikawa na uchafu wa manjano hafifu, basi. Nikangoja robo saa nzima. Haikubadilika.

Nilimgeukia babu. Nikamwambia polepole kwamba hata vimondo vya mawe, kama vile vya Mbale, vina chembe zenye nikeli, na kwamba povu kama lile halikai ndani ya kimondo. "Babu, hili halikutoka juu. Limetoka tanurini. Ni mavi ya chuma."

Uso wake ulishuka. Sikupata neno la kuuinua, na nisingependa kusema hapa kwamba nililipata. Ni bati za nyumba nzima alizokuwa akizihesabu kwa miaka miwili.

Aliyesema ni bibi. "Mawe hayo si yapo tele kule chini, karibu na mto? Kila mwaka yananivunjia mpini."

Tukaenda, kundi zima, kupitia kwenye kahawa. Chini ya mteremko udongo ulikuwa mweusi, na ndani yake yalilala madonge yaleyale, makumi kwa makumi, mengine yameshikamana na vipande vya mirija ya udongo uliochomwa, ile ya kupitishia hewa ndani ya tanuri. Wanyiha wa zamani walikuwa wafua chuma, kama jirani zao Wafipa waliojenga matanuri marefu ya udongo kupita kimo cha mtu. Waliyachoma mawe mekundu kwa mkaa, chuma kikabaki, na uchafu ulioyeyuka ukatiririka na kuganda na povu lake. Hapo chini ya kahawa ya bibi palikuwa pahala pa kazi yao.

Babu aliokota mrija mmoja, akaupuliza vumbi, akatazama kwa ndani ya tundu kuelekea mwangani. Akasema babu yake alikuwa akijivuna kwamba majembe ya nchi nzima yalitoka kwao, naye akidhani ni maneno ya wazee tu. Nikamwomba, yeye na mjukuu, wasiache watu kuyachukua, na wampelekee habari ofisa utamaduni wa wilaya. Mjukuu akapiga picha. Babu akaurudisha mrija palepale alipoutoa, akaufunika kwa udongo kwa mguu.

Jiwe la kwenye stuli limerudi lilipokuwa zamani, kuzuia mlango wa jikoni. Bibi amechukua kitambaa chake.

Siku ya tano, Ijumaa. Vwawa hadi Iringa

Nimeamua kulala Iringa, kesho nimalizie Dodoma. Basi limechelewa kwa foleni ya malori, nami nimepata muda wa kuandika haya yote kwa mwandiko unaosomeka.

Usiku, kabla ya kulala, nilizikausha zile pamba tatu. Leo Mafinga nimezifungua kuzitazama: ya shilingi bado nyekundu, haijafifia hata kidogo. Nimezibandika kwenye ukurasa wa daftari, moja, mbili, tatu, bila kuandika chini yake ni ipi ya nini. Pembeni nimeandika 820, 575 na mstari mtupu. Ukurasa wa pili nimechora kimondo kwa kalamu ya risasi, na kwenye ubavu wake nimeweka alama pale msumeno ulipopita.

Shule ikifunguliwa nitaliweka daftari juu ya meza ya mbele, pamoja na shilingi, ndoo ya maji na nati kubwa ya lori niliyookota Mlowo, iliyojaa kutu. Kisha nitamwita yule aliyeuliza, aanze yeye.